Alichosema kwa Mikono

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiandikisha! Kemia inabaki kuwa fani yangu, lakini kuanzia leo nasoma pia kozi ndogo ya Sheria na Jamii, ile ya pembeni inayokusanya watu wa fani zote. Darasani tumo wa kila namna: wauguzi wawili, mmoja wa kilimo, kijana wa takwimu aliyekuwa akihesabu vigae vya dari, na mimi ninayenuka asidi ya maabara. Mwalimu wetu si mwanasheria. Ni mtaalamu wa jamii, mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alichora barabara ubaoni, kisha akachora kinjia cha mkato kinachokatiza nyasi.

"Barabara hii ndiyo sheria," akasema. "Kinjia hiki ndicho watu. Sisi tutasoma nyasi zilizokanyagwa. Kwa nini zimekanyagwa hapa na si pale?"

Alisema "kwa nini" hadi kipindi kikaisha tumekwisha kumbatiza: Bi Kwa-Nini.

Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi kama mtoto. Mvua zimeanza.

Jumanne, 4 Machi

Baba hajafurahi. Yeye ni fundi wa majokofu na anaamini mtu aliyejua kitu kimoja vizuri hafi njaa.

"Mshika mawili moja humponyoka," akasema.

"Nina mikono miwili, baba."

"Na mtihani wa kemia utaushika kwa upi?"

Mama alicheka akamwaga chai. Dada akatuuliza kwa mikono tunacheka nini, nikamweleza. Akajibu kwamba mikono yake yeye hushika mawili kila siku, kazi na mazungumzo, na hakuna kilichowahi kumponyoka isipokuwa wachumba.

Dada hasikii tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa mdogo. Huandika mabango ya maduka, na herufi zake zinajulikana mji mzima. Alipokuwa akirudi likizo kutoka shule ya viziwi alinifanya mimi mdogo wake kuwa darasa lake, kwa hiyo lugha ya alama niliijua kabla sijajua kusoma.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Maabara asubuhi, Bi Kwa-Nini mchana. Sikusinzia hata kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi ya muhula imetolewa, nami sijatulia tangu hapo. Kila mmoja achague mahali ambapo kanuni hutumika, akae, atazame, aandike. Muuguzi mmoja kachagua mapokezi ya hospitali. Takwimu (ndivyo tunavyomwita yule kijana) kachagua foleni ya vitambulisho. Mimi nimechagua mahakama ndogo ya jirani, inayosikiliza mashauri ya familia.

"Sharti ni moja," Bi Kwa-Nini akasema. "Mmekwenda kutazama. Kaeni kimya, andikeni. Msiwe sehemu ya habari."

Jumatatu, 17 Machi

Kumbe mahakama haifanani na nilivyoifikiria. Ni chumba chenye madawati ya shule, feni inayolia kama mbuzi, na ndoo chini ya dari inapovuja. Hakimu ni mwanamume mwenye miwani anayesikiliza akiwa amefumba macho. Karani ni mwanamke mkali kama pilipili. Nilipoomba ruhusa ya kuketi nyuma alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ni ndugu wa nani hapa?"

"Sina ndugu hapa. Ni mwanafunzi."

"Wa sheria?"

"Wa kemia."

"Basi umepotea mlango, binti." Lakini akanionyesha dawati.

Nimeandika kurasa na kurasa. Nani husimama anaposemeshwa na nani hubaki ameketi. Nani huitwa "mama" na nani huitwa "wewe". Hakuna kitabu kinachoamuru hayo, na bado kila mtu anayatii. Nadhani sasa naelewa maana ya nyasi.

Alhamisi, 20 Machi

Barabara imejaa maji. Sikwenda.

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudi nimelowa, naandika kabla hata ya kubadili nguo.

Leo liliitwa shauri la ulezi. Mwanamke mmoja, mshonaji nguo, amefiwa na mume. Ana binti wa miaka saba. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ameomba mtoto ahamie kwake. Alizungumza kwa adabu, wala hakuonekana mtu mbaya. "Mheshimiwa, shemeji yangu hasikii. Mtoto akiugua, akalia, nani atamsikia?"

Mshonaji ni kiziwi! Nilikaa wima. Hakimu akauliza nani atamfasiria, na shemeji akamsimamisha mke wake. "Huyu wanaelewana, ni wanawake wa nyumba moja." Hakimu akaridhika. Karani akaandika.

Kisha hakimu akauliza: "Mwambie, je, anakubali mtoto aishi kwa baba yake mdogo?"

Yule mke akamgeukia mshonaji. Alionyesha mtoto, akaweka shavu juu ya kiganja kama anayelala, akaelekeza kidole kwa mumewe. Basi, hakuna zaidi. Hiyo haikuwa lugha ya alama. Ni kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni.

Mshonaji alimtazama, akakunja uso, akafikiri, akajibu. Akajibu kwa lugha nzuri, safi, ambayo nimeijua maisha yangu yote: "Kulala kwao wakati wa likizo, sawa. Kisha arudi. Nyumbani kwake ni kwangu."

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Mwanamke yule akamtazama mumewe. "Amekubali."

Na karani akaandika.

Niliangalia huku na huku. Feni inalia, maji yanadondoka ndooni, hakuna aliyeshtuka. Katika chumba kile chote, mshonaji na mimi tu ndio tuliojua amesema nini, na yeye hakujua kwamba wengine hawajui. Miguu yangu ilitaka kusimama. Nikakumbuka: kaeni kimya. Nikakaa. Hakimu akasema uamuzi utasomwa tarehe kumi Aprili, na watu wakatoka.

Niliteremka ngazi nikikimbia hadi chuoni, mvua ikinipiga usoni. Bi Kwa-Nini alikuwa anafunga ofisi. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Alikaa tena kwenye kiti bila kuvua begi begani.

"Kwa nini hukusimama?"

"Mwalimu, ulituambia tukae kimya!"

Alitafuta kalamu mezani. "Kweli," akasema mwisho. "Nilisema." Nilimwona akiiandika sentensi hiyo kwenye karatasi na kuitazama kama swali ambalo hajawahi kujiuliza.

Ijumaa, 28 Machi

Bi Kwa-Nini amevunja ratiba, darasa zima leo tumejadili jambo langu. Ubishi ulikuwa wa kuvunja madirisha! Takwimu alisimama upande wa kunyamaza.

"Mpimaji haingizi mkono kwenye anachokipima," akasema. "Ukiingiza, umepima mkono wako."

"Hata kipimajoto huchota joto kidogo la maji," nikamjibu. "Ukiingia chumbani umekwisha kukigusa. Karani aliniuliza mimi ni ndugu wa nani. Nilikuwa sehemu ya chumba tangu hapo."

Wauguzi wakapiga makofi. Takwimu akakuna kichwa, akacheka, akasema hilo la kipimajoto amelikubali ila ataliiba. Kijana mzuri, nilidhani ana roho ya kikokotoo.

Ndipo Bi Kwa-Nini akauliza swali lililotuzima wote kama mshumaa: "Mnabishana vizuri sana. Je, kuna aliyemuuliza mwenyewe anataka nini?"

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda na Dada kwa mshonaji; alipajua kwa kuulizia viziwi wenzake. Nilitaka Dada ndiye azungumze kwanza, viziwi wenyewe wanaelewana kwa njia ambayo mimi huifuata nyuma nyuma.

Mshonaji anaishi chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Cherehani ipo mbele ya mwanga, na juu ya mlango ameweka taa inayowaka mtu akibonyeza kengele. Binti yake ndiye aliyetufungulia. Ana meno mawili yaliyong'oka mbele, na anaongea kwa mdomo na mikono kwa pamoja, kama mtu anayepiga ngoma mbili. Alituambia mama yake hulala akiwa ameufunga utepe mkononi, na ncha nyingine iko mkononi mwake yeye. "Nikiugua ninavuta. Huamka haraka kuliko mama za wenzangu!"

Dada akajitambulisha, wakacheka juu ya mwalimu mmoja waliyefundishwa naye miaka tofauti. Kisha Dada akamweleza taratibu kile nilichokiona.

Mshonaji hakuelewa mara ya kwanza. "Nani amekubali?"

"Mahakama imeandika kwamba wewe umekubali."

"Mimi?" Akajigusa kifuani. "Mimi?" Akajigusa tena, kwa nguvu, kana kwamba anahakikisha ni yeye aliyesimama pale. Alikuwa na gauni la mteja magotini, nusu limeshonwa. Alilikunja polepole, pindo kwa pindo, akaliweka kando. Binti akaacha kucheza.

Nikamwambia naweza kuzungumza na mahakama kwa niaba yake. Nilijiona mkombozi, sitaficha. Dada akanishika kifundo cha mkono, maana kwetu ndivyo mtu hukatizwa.

"Usimsemee," akasema. "Amesemewa vya kutosha. Wewe sema ulichokiona tu. Yeye aletewe mtu atakayesema anachosema."

Mshonaji alimwelekezea Dada kidole: hicho hicho, hicho ndicho nataka.

Jumatatu, 31 Machi

Chuoni kuna ofisi ya msaada wa kisheria, nami nimepita mlango wake mwaka mzima nikienda maabara bila kuutazama! Wakili wake ni mwanamke kijana anayetembea haraka. Bi Kwa-Nini alinipeleka. Wakili akasikiliza, akauliza kama mshonaji mwenyewe ndiye anayeomba. Nikasema ndiyo, yuko hapo nje na dada yangu. Akasimama akaenda kumpokea.

Jumatano, 2 Aprili

Wakili ameandika maombi: shauri lifunguliwe upya, mkalimani wa kweli aitwe, nami nieleze nilichokiona. Karani aliyapokea kwa ncha za vidole.

"Tarehe kumi inasomwa hukumu. Hapa si sokoni, kila mtu kurudisha alichonunua."

Niliondoka nimevunjika moyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemhukumu karani bure. Leo wakili ametuambia: mwanamke yule alilipeleka faili mezani kwa hakimu siku ile ile, akasimama pale hadi likafunguliwa. Anasema ndiye aliyeandika "amekubali" kwa mkono wake, na hajala vizuri tangu juzi. Tarehe kumi haitasomwa hukumu. Tutasikilizwa!

Nimeruka nikagonga kichwa kwenye kabati la maabara.

Jumamosi, 5 Aprili

Baba kanikuta nafanya mazoezi ya kutoa ushahidi mbele ya jokofu la mteja.

"Mtihani wa kemia lini?"

"Wiki moja baada ya Pasaka, baba."

"Na mahakama lini?"

"Alhamisi hii."

Akaendelea kukaza nati. Baba akinyamaza ni afadhali agombe.

Alhamisi, 10 Aprili

Nitajaribu kuanza mwanzo.

Mvua ilikuwa kubwa hivi kwamba kikao kilichelewa, na wote tulijibanza barazani. Nilijikuta bega kwa bega na mke wa shemeji. Nilikuwa nimemchukia kwa majuma mawili. Nilimtengenezea uso wa mchawi kichwani mwangu. Kumbe ni mama wa makamo mwenye baridi, mtandio umelowa, anatafuta pa kusimama.

"Ni wewe utakayesema nimedanganya?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Nitasema nilichokiona, mama."

"Ile lugha mimi siijui, mwanangu. Sijawahi kuijua. Tukikutana tunasaidiana kupika, tunaonyeshana chumvi, tunaonyeshana maji. Mume wangu akasema simama. Nikaulizwa mbele ya watu wote, amesema nini. Ningesema sijui? Nilimwona ameitikia kwa kichwa kidogo, nikasema amekubali."

"Lakini mama, ungesema hujui."

"Wewe umesoma," akasema, bila ubaya. "Kwako 'sijui' ni neno jepesi."

Nilisogea akapata pa kusimama.

Ndani, hakimu aliniita mbele. Nikaapa. Wakili wa shemeji, bwana mwenye tai nyekundu, akainuka kunihoji.

"Wewe ni mkalimani?"

"Hapana."

"Unasoma sheria?"

"Nasoma kemia. Na kozi ndogo ya Sheria na Jamii."

"Kozi ndogo!" Aliwageukia waliohudhuria kama anayegawa peremende, na watu wakacheka. "Sasa kwa kozi ndogo hiyo, umekuja kuifundisha mahakama hii sheria?"

Sauti yangu ilitoka, tena kubwa. "Sheria siijui, bwana. Alichosema ndicho ninachokijua."

Kicheko kikakatika. Hakimu akafumbua macho. "Alisema nini?"

Nikasema, neno kwa neno, wala sikuongeza langu. Kulala kwao wakati wa likizo, sawa. Kisha arudi. Nyumbani kwake ni kwangu.

Wakili wa tai nyekundu akasema huo ni uongo wa mtu aliyekutana na mshonaji na kupangiwa maneno. Hapo mke wa shemeji akasimama bila kuitwa. Mumewe akamvuta mtandio, naye akamwachia huo mtandio mkononi, akabaki amesimama kichwa wazi.

"Mheshimiwa, lugha ile siijui. Nilikisia."

Nilisikia tone la maji likianguka ndooni.

Hakimu alivua miwani. Sikuwa nimewahi kuona hakimu akiona haya. "Nilipaswa kukuuliza kama unaijua," akamwambia. "Sikukuuliza." Kisha akaamuru aingie mkalimani tuliyekuja naye, mwalimu wa shule ya viziwi, akaapishwa, akasimama pale mshonaji anapoweza kumwona vizuri.

"Mwambie sasa anaweza kusema," hakimu akasema.

Nilifikiri atalia, au atamlaani shemeji yake, au atasema nampenda mwanangu. Mshonaji alinyoosha mgongo. Mikono yake ilikwenda taratibu, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile sauti ya mtu mwingine ikasema maneno yake:

"Anzeni tangu siku ya kwanza. Nisomeeni kila kitu. Sijui ninyi mmeniandikia nini."

Na hakimu akafungua faili ukurasa wa kwanza, akasoma. Karani akamsaidia. Mkalimani akafasiri. Ilikuwa kazi ndefu, na mara kwa mara mshonaji aliinua kiganja: hapana, hilo si langu, futa. Nao wakafuta. Niliketi kwenye dawati langu la nyuma, kalamu mkononi, sikuandika hata neno. Nilitaka kuyaona yote.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimelala kama gogo.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka ilipita mimi na jedwali la elementi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mtihani wa kemia. Ulikuwa mgumu, nao nimeupenda.

Jumatano, 7 Mei

Nimewasilisha kazi yangu darasani. Sikuandika juu ya mwanamke mwovu na mahakama mbaya, kama nilivyopanga mwanzo. Nimeandika juu ya watu wanne au watano, kila mmoja akiwa na haraka kidogo, au haya kidogo, au mazoea kidogo, na jinsi vidogo hivyo vikijumlishwa vinaweza kumchukua mtoto wa mtu. Bi Kwa-Nini ameniuliza "kwa nini" mara moja tu, kisha akaniambia mwakani atabadili lile sharti lake. Hajui bado litakuwaje. Amesema tulitunge pamoja.

Kemia nimefaulu. Baba ameyasoma matokeo mara mbili, akaenda kumwonyesha jirani.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua zimepungua, leo jua limetoka tangu asubuhi. Nilipokuwa navaa, Baba alitoka chumbani na shati la kwenda harusini.

"Uamuzi ni leo, sivyo?" akasema. "Nimefunga karakana."

Tulikwenda wote, Mama, Baba, Dada na mimi. Takwimu alikuwa amefika kabla yetu na kutushikia dawati. Karani alimsalimu Baba, akamwambia, "Binti yako alikuja hapa amepotea mlango," akanikonyeza.

Hakimu alisoma macho wazi. Mtoto anabaki kwa mama yake. Wakati wa likizo atalala kwa baba yake mdogo, kama mama mwenyewe alivyosema tangu mwanzo. Na mahakama hiyo haitapokea tena neno la kiziwi kwa mdomo wa jamaa ambaye hajulikani kama anaijua lugha yenyewe. Mkalimani alipomaliza kufasiri sentensi ya mwisho, mshonaji alibaki ametazama mikono ya mkalimani, kana kwamba inaweza kuendelea. Kisha binti yake akamrukia.

Shemeji alikuja kumpa mkono. Hakuchangamka, lakini alikuja. Mke wake alisimama nyuma yake, akaniuliza, mimi, pembeni, kama kuna mahali mtu mzima anaweza kujifunza ile lugha. Nikamwelekeza kwa Dada.

Nje, uani, Dada na mshonaji walikuwa wamesimama juani. Sijawahi kuona mikono ikienda kasi vile. Walikatizana, walicheka, waligongana viwiko, mmoja akaiga tai nyekundu ya wakili, mwingine akainama akishika mbavu. Watu waliokuwa wakipita waliwazunguka kwa mbali kama wanaozunguka moto wa kuota.

Baba akanigusa bega. "Wanasema nini?"

Nilijaribu kufuata. Nilipata neno hapa, neno pale, nikapotea.

"Sijui, baba," nikasema, nikaanza kucheka. "Sijui kabisa!"